Walimpigia Kalenga Makofi

Mnanikera, vijana. Nianze hapo, asije mtu baadaye kusema Papa Sumaili alituficha. Juzi juzi niliitwa ufukweni kumuita mvuvi ambaye ziwa limekataa kumrudisha. Nimeshastaafu, magoti yamekwisha, lakini familia iliomba nikaenda. Nikasema ubeti wa kwanza, nikataja jina, nikanyamaza ili nijibiwe. Wakajibu wazee wachache waliobaki. Ninyi pale nyuma mlikuwa mmenyanyua simu mnanichukua video. Nilipomaliza mkapiga makofi. Makofi, mbele ya mama wa marehemu, amekaa mchangani anawatazama!

Nilitaka kuwarushia fimbo. Kisha nikakumbuka kwamba ninyi si wa kwanza kunifanyia hivyo. Wa kwanza walikuwa watu wazima wenye makoti mazuri, kwenye tamasha la mashairi la kimataifa, huko Ulaya, wakati wa vita vyetu. Nchi yenyewe siitaji. Walinipokea vizuri, walinilisha, sitaki kuwasema kwa jina. Lakini walinichosha, na leo nitawaeleza walivyonichosha, labda mtajifunza kitu.

Kazi yangu ilikuwa mashairi, msicheke. Nilitunga ya harusi, ya kushusha mtumbwi mpya majini, ya watoto waliomaliza shule. Nilitunga hata ya timu za mpira, na hizo zilinitesa kuliko zote, maana timu ikifungwa wanasema shairi lilikuwa bovu. Ila kazi kubwa niliyorithishwa na mwalimu wangu, Papa Ramazani, ilikuwa kuwaita watu wa maji. Mtaani kwetu, mtu akizama na mwili usionekane, matanga yake hayafungwi nyumbani. Watu wanashuka ufukweni. Mwitaji anasimama kulielekea ziwa, anasema sifa za marehemu ubeti kwa ubeti, na mwisho wa kila ubeti anataja jina. Watu wote wanajibu, "Yuko kwetu!" Yaani maji yamechukua mwili, lakini mtu mwenyewe yuko kwetu. Sauti lazima ziwe nyingi, zipite mawimbi. Mama mzazi hajibu, kwa sababu mama hamwitikii mwanawe, wanamwitikia wengine. Na mpaka hayo yafanyike, mama hatoki kwenye mkeka wa matanga wala hatii samaki wa ziwa mdomoni. Atajuaje samaki yule alikula nini?

Papa Ramazani alinifundisha mengi ambayo ninyi mnayadharau. Upepo ukivuma, usipige kelele kushindana nao, shusha sauti, nayo itapita chini yake. Tafuna tangawizi, usiguse muwa. Mtazame mtu wa mwisho kabisa, aliye mbali, maana wa mbele watasikia tu. Na zaidi ya yote alinifundisha kungoja. Siku moja, nikiwa bado kijana, mvua ilimkuta katikati ya kazi. Watu wote wakakimbilia chini ya mapaa ya soko la samaki. Yeye alikuwa ameshataja jina, bado hajajibiwa. Akasimama palepale, mvua inampiga, nguo zimemganda mwilini, hatikisiki. Watu wakaona aibu, wakarudi mmoja mmoja wakijifunika vikapu vichwani, wakajibu. Baadaye nilimwuliza kwa nini hakuendelea tu. Akanikemea, "Sumaili, ubeti wenye haujajibiwa hawaurukake. Ukiuruka, yule muntu unamuacha njiani." Akapata homa ya wiki nzima, lakini hakujuta.

Shikeni jambo hilo, maana ndilo lililoniponza.

Sasa Kalenga. Alikuwa mtoto wa jirani yangu Mama Faida, fundi wa mota za boti, kijana wa maneno mengi na kofia nyekundu aliyokuwa anaivaa hata kanisani mpaka padri akachoka kumsema. Mapigano yalipokaribia mji wetu wa Kalemie, watu walijazana kwenye boti kukimbilia upande wa Moba, kusini, naye akapanda ili aangalie mota. Boti ilikuwa imezidiwa. Upepo ukaamka, ikapinduka. Wako walioogelea, wako waliookotwa wakazikwa. Kalenga hakuonekana, wala kofia yake.

Tulishuka ufukweni kumuita. Nilisema ubeti wa kwanza, wakajibu vizuri. Nikasema wa pili, nikataja jina, na kabla watu hawajafungua midomo wakafika askari wa wale waliokuwa wameshika mji, wakapiga risasi hewani. Kukusanyika kulikuwa kumekatazwa, eti tunapanga njama. Tukatawanyika, mimi nikaacha kiatu. Kalenga akabaki nusu. Jina limetajwa, halikujibiwa, na sisi tumekimbia. Ni afadhali nisingemuita kabisa.

Mama Faida akarudi kwenye mkeka wake. Na huo haukuwa wakati wa kuchagua chakula. Barabara ya Bendera, iliyokuwa inatuletea chakula, ilikuwa imefungwa, treni imelala, nyama na maharage vilikuwa vitu vya kusimuliana. Mji mzima ulikuwa unaishi kwa ndagala, dagaa wa ziwa letu, asubuhi ndagala, jioni ndagala. Yeye akala ugali na chumvi, au sombe tupu, majani ya muhogo, ikipatikana. Alikonda hata kitenge kikawa hakimshiki. Nilimwendea nikamwambia aache, Mungu anaelewa.

"Mungu anaelewa," akanijibu. "Mimi njo sielewi. Mutoto wangu umemuacha wapi, Papa Sumaili?"

Niliumia, na nilikasirika pia, maana si mimi niliyepiga risasi.

Mwaliko ulikuja katika hali hiyo. Mzungu mmoja wa misaada alikuwa amenirekodi kwenye kaseti katika harusi, kabla mambo hayajaharibika. Kaseti ikasafiri kuliko mimi, ikafika kwa watu wa tamasha, nao wakataka kumwona mwenye sauti. Mji ukanivamia. Huyu anataka viatu, yule anataka redio, mwingine dawa ya mgongo, na kila mmoja ananifundisha Ulaya, ingawa hakuna aliyewahi kupita Kigoma. Mtu aliyekuwa zamani shefu wa gare, mkuu wa stesheni ya treni, akaniazima koti lake la sherehe. Lilinuka dawa ya nondo na lilikuwa limeshonwa kwa ajili ya kujionyesha, baridi halikuijua.

Mama Faida hakuomba viatu. Alinisubiri watu wapungue.

"Papa Sumaili, kule maaskari wanakatazaka watu kukusanyika?"

"Hapana, mama."

"Na watu watakuwa mingi?"

"Wanasema mingi."

"Kuko maji?"

"Kuko bahari. Mji yenyewe njo ya bandari."

"Basi umuite Kalenga kule. Umumalize. Wakikujibu, ukarudi ukaniambia, mimi nitakula samaki."

Nikamwambia wale watu hawamjui Kalenga, hawajui hata Kalemie iko wapi. Akanitazama kama anamtazama mtu asiye na akili.

"Utawaambia. Kazi yako si kusema?"

Nikavuka ziwa kwenda Kigoma, nikapanda treni mpaka Dar es Salaam, kisha ndege. Njia nzima nilikuwa na jambo moja tu kichwani. Viatu na redio vyote vilinitoka.

Kule nilipokelewa na mama mwenye tamasha, Inga, mwembamba, mwenye haraka, mwema sana, na mkaidi kuliko mbuzi. Alikuwa na kijana wa kutafsiri, Erik, aliyesomea Kiswahili Unguja. Kijana huyo aliniamkia "Shikamoo" kila tulipokutana, hata tukikutana mlangoni mwa choo. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Nikisema "njo vile", anasimama, anafikiri, kisha ananiuliza kwa adabu kama nina maana ya "ndivyo".

Adha ilianza siku ileile. Walikuwa wamekwisha kutafsiri shairi langu la kwenye kaseti, lile la harusi. Ni shairi la kumtania mama mkwe mkali anayehesabu vipande vya kuku chunguni. Nyumbani watu hucheka mpaka wanashika mbavu. Wao walikuwa wameandika maelezo kwamba mama mkwe ni serikali, na kuku ni mali ya nchi inayoporwa. Nikamwambia Erik, "Mwambie, mama mkwe njo mama mkwe." Akamwambia. Inga akatabasamu, akaniambia kwamba anaelewa, kuna mambo mtu anayetoka vitani hawezi kuyasema waziwazi.

Vita, vita, vita. Hawakutaka kingine kutoka kwangu. Mshairi wa nchi nyingine aliulizwa habari za maua, wa nchi nyingine habari za marehemu baba yake, mimi vita tu. Mwandishi mmoja wa gazeti akaniuliza ninaandikaje shairi risasi zikiwa zinalia. Nikamjibu kwamba risasi zikilia ninaingia chini ya kitanda, na chini ya kitanda hakuna mwanga wala nafasi ya kutunga. Akaandika kwa furaha. Sijui aliandika nini.

Nilivumilia. Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya Kalenga, na nilipangiwa kusoma mara mbili, ukumbini na siku ya kufunga.

Siku ya ukumbini, taa zilizimwa upande wa watu, nikaachiwa mwanga mimi peke yangu. Hapo tayari sikupenda, kwa sababu mtu wa mwisho niliyefundishwa kumtazama sikumwona. Erik akaeleza kwa kifupi kwamba huyu ni kijana aliyezama. Kisha maneno yangu yakawa yanaonekana ukutani kwa lugha yao. Nikaanza pale tulipokimbizwa, kwenye ubeti wa pili.

"Fundi wa mota, mkono wa mafuta,
mota ilimjua kwa mguso.
Mwenye kofia nyekundu kama pilipili,
jua likitua hatukuhitaji taa.
Kalenga, mwana wa Mama Faida!"

Nikanyamaza ningojee.

Kimya. Hakukohoa mtu. Nikadhani hawakusikia vizuri, nikarudia jina. "Kalenga, mwana wa Mama Faida!" Kimya kile kile. Nikakasirika. Nikasema moyoni, haya, mtanijibu tu. Papa Ramazani alinyeshewa na mvua, mimi niko ndani ya nyumba yenye joto, nitashindwaje? Nikasimama. Nikaendelea kusimama. Jasho likanitoka ndani ya koti la shefu wa gare. Sauti ya kiti haikusikika, pumzi haikusikika, ni mimi na giza tunaangaliana. Niliona haya, na niliona uchungu, nikimfikiria mama yule kwenye mkeka. Hawa watu, nilijiambia, wana roho ya jiwe.

Halafu mmoja akapiga kofi. Wakalipuka wote. Wakasimama, wakapiga makofi, wengine wanafuta machozi, mmoja anapiga mluzi. Kwenye matanga! Nikanyoosha mikono nikapaza sauti, "Acheni! Muache! Muntu amekufa!" Erik hakutafsiri. Wakaona mikono yangu imenyooka, wakadhani nawashukuru, wakaongeza.

Nilitoka jukwaani. Kalenga sasa alikuwa amekwama mara mbili, ziwani kwetu na ukumbini kwao.

Kesho yake gazeti lilinisifu. Nikasomewa mezani kwenye chai. Lilisema jambo kubwa kuliko yote katika tamasha lilikuwa kimya cha mshairi kutoka Kongo. Washairi wenzangu walikuja kunipa mkono. Mmoja, mtu wa heshima mwenye mvi, alitaka kujua nilijifunza wapi kunyamaza vile. Inga akaja amenawiri, akaomba siku ya kufunga nifanye kimya kilekile, na ikiwezekana kiwe kirefu zaidi.

Mnaona? Miaka yote nimetunga maneno, nimetafuna tangawizi mpaka ulimi umekufa ganzi, na ninasifiwa kwa mahali ambapo sikusema kitu.

Nikamvuta Erik pembeni. "Mwanangu, hawa watu wako wana nini? Nimewaita, hawajibu. Kwao hakuna matanga?"

Akashangaa. "Mzee, walitakiwa kujibu?"

"Sasa nilikuwa nangojea nini pale? Basi?"

Akashika kichwa. Akanieleza kwamba kwao anayefungua mdomo mshairi akisoma ni mtu asiye na adabu. Walinyamaza kwa heshima. Walikuwa wanazuia hata kikohozi. Nikakaa chini. Kumbe wao walikaa kimya kwa heshima yangu, nami nilikaa kimya kwa heshima ya Kalenga, na heshima mbili zikatazamana pale mpaka mtu mmoja akachoka. Hasira haikuniisha, nisiwadanganye, ila ilikosa mtu wa kumwangukia.

Tukamwendea Inga. Nikataka watu wafundishwe kujibu. Akakataa. Akasema ratiba imebana, watu wa kwao wana haya, hawapendi kulazimishwa kupaza sauti mbele za wengine, na zaidi ya hayo kimya kilikuwa kizuri mno, kwa nini tukiharibu. Nikamwambia Erik atafsiri neno kwa neno, asipige pasi.

"Mwambie, kuko mama hakulaka samaki sababu yangu. Mwambie kimya yake mimi siitaki. Nimekuja kuchukua sauti."

Erik akatafsiri, polepole, akiwa mwekundu masikioni. Inga hakusema ndiyo, hakusema hapana. Akaondoka na haraka zake.

Siku ya kufunga ilikuwa mchana, nje, kwenye gati la bandari yao. Baridi ilikuwa inakata masikio. Lakini maji yalikuwapo, na watu wote nilikuwa nawaona hadi wa mwisho. Nilipoitwa nikasogeza maikrofoni pembeni, nikayapa mgongo maji kwa muda. Nikaanza kuwaagiza, Erik ananifuata. Mliokaa simameni. Mwenye kitu mkononi akiweke chini. Mikono itoke mifukoni. Hapa hakuna makofi, atakayepiga nitamtoa. Huyu ni mtoto wa watu, amezama, nami nitamuita. Nikitaja jina lake, mtasema "Yuko kwetu", yaani mnamkubali awe wenu.

Inga alikuwa kando, mkono mdomoni. Nikageukia maji, nikashusha sauti ipite chini ya upepo, nikarudi kwenye ubeti ule ule uliokwama.

"Kalenga, mwana wa Mama Faida!"

Wakajibu kwa sauti za watoto wasiojua somo. Nyingine ilikufa shingoni. Nikageuka.

"Hiyo njo kujibu? Kalenga hajasikia! Hata mimi hapa sijasikia!"

Erik akatafsiri, nadhani safari hii na hasira yangu akaitafsiri. Nikarudia jina. Kabla ya wote, kule nyuma kabisa, bibi kizee mmoja aliyekuwa ameweka mfuko wake wa sokoni miguuni akapaza sauti peke yake, "Yuko kwetu!" Ilikuwa imepinda huku na huku, lakini ilitoka tumboni. Wengine wakamfuata. Ubeti wa tatu wakajibu zaidi. Wa nne, na Inga alikuwa anajibu. Mpaka wa mwisho, ule wa kumfungia matanga, sauti ilikuwa imejaa gati lote, na ndege wa baharini wakaruka kutoka kwenye nguzo. Nikalia mbele ya watu. Nilikuwa nimesahau ladha ya kujibiwa.

Mtu mmoja akainua viganja apige kofi. Yule bibi akamtupia jicho, viganja vikarudi mfukoni.

Baadaye bibi alinifuata akiburuta mfuko wake. Akazungumza na Erik kwa muda. Erik akaniambia, "Mzee, anasema mwanawe alikuwa mvuvi. Bahari haikumrudisha. Anaitwa Anders. Anauliza kama kwenu mnawaita na wa watu wengine."

Nikamtazama yule mama. Alikuwa amesimama wima, hana machozi, uso umekauka kama wa Mama Faida.

"Mwambie, kwetu hatuulizake maji ni ya nani. Nikifika nitamuita."

Nilirudi Kalemie bila redio, bila viatu vya mtu, bila dawa ya mgongo. Nilitukanwa sana, wengine wananinunia mpaka leo. Mama Faida alikuwa mlangoni kwangu sijaweka mzigo chini. Hakunisalimia.

"Wamejibu?"

"Wamejibu, mama."

"Wote?"

"Wote. Mpaka mwenye kukataa alijibu."

"Kwa sauti?"

Nikamwigizia, jinsi sauti zilivyopinda na kunyooka. Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu boti ile. Kisha akaanza kunihoji kwa wasiwasi, kama maji ya chumvi na maji yetu yanafahamiana, kama habari itafika. Nilikuwa na njaa, nimechoka, mgongo umevunjika kwa treni.

"Mama Faida! Maji ni maji! Nimemumaliza mutoto wako, niache nikae!"

Akakaa kwenye kizingiti, akajifunika uso kwa kitenge, akalia, kilio kile kinachomtua mtu mzigo. Sikumzuia. Alipomaliza akamtuma jirani alete ndagala.

Walikusanyika uani kwake wanawake wachache wa jirani, idadi ambayo askari walikuwa hawaifukuzi. Ndagala zilikuwa motoni, harufu imejaa. Nikawaambia, kabla hamjala, kuna jina nimebeba. Nikawaeleza yule bibi na mfuko wake, na mvuvi wake.

"Mutoto wa muzungu?" mmoja akasema. "Siye wetu hatujawamaliza, Papa Sumaili, unatuletea na wa bahari?"

Mama Faida akaweka kijiko chini. "Mama yake njo alijibu wa kwanza?"

"Wa kwanza kabisa. Peke yake."

"Basi muite."

Sifa zake sikuzijua, nilijua tu kwamba alivua samaki na kwamba mama yake ana sauti. Nikatunga hayo hayo, kwa sauti ya chini, kwa ajili ya askari. "Anderisi, mwana wa mama wa baharini!" Wanawake wakajibu kwa kunong'ona. Lakini Mama Faida hakunong'ona. Muda wote ule, kwa mwanawe, alikatazwa kujibu. Huyu hakuwa mwanawe. Akasimama, akafungua kifua, akapiga "Yuko kwetu!" iliyotoka uani, ikavuka barabara, ikashuka hadi ziwani. Akaipiga ubeti kwa ubeti, mpaka mwisho.

Askari akafika, bunduki begani, kijana mdogo tu.

"Nani amekufa hapa?"

"Mutoto wetu," Mama Faida akasema. "Anderisi. Amezama."

"Wa jamaa gani?"

"Wa kwetu."

Yule kijana akatutazama, akatazama chungu. Akavua kofia. Akasema tupunguze sauti, mkubwa wake asisikie, na Mama Faida akamfungia ndagala kwenye jani la mgomba, kijana akaondoka nazo. Kisha Mama Faida akakaa na sisi, akala samaki.

Vita viliisha, au walisema vimeisha. Mama Faida naye ameshatangulia, alikufa kitandani kwake, ameshiba. Tangu siku ile, kila tunaposhuka ufukweni, tukimaliza wa kwetu tunamuita Anderisi mwisho. Nimewasikia mkiulizana kama alikuwa mfanyabiashara wa zamani, au bwana wa reli. Sasa mmejua. Mimi nitaita mara chache tena, sauti inakwisha. Atakayebaki ataita. Mkisikia jina, hata kama hamumjui mwenyewe, wekeni simu chini, toeni mikono mifukoni, mjibu. Kuna mama mahali fulani hajala.